Laptopu inachukua dakika tano kuwaka: niongeze RAM, niweke SSD, au ninunue nyingine?

"Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina laptopu ya HP EliteBook 840 G1 niliyoinunua miaka minne iliyopita ikiwa imeshatumika. Ina prosesa ya i5, RAM ya GB 8 na diski ya GB 500, nimeshajaza karibu GB 300. Nikiiwasha naweza kwenda kubandika chai nikarudi bado inazunguka tu. Fundi wa kwanza kasema niongeze RAM. Wa pili ana SSD ya NVMe ya TB 2 anayoiuza bei ya chini kuliko zile za GB 500 za dukani. Mwenzangu ofisini ananitisha kwamba SSD hufa ghafla, hasa huku kwetu umeme unakokatika kila mara, na kwamba ina idadi ya kuandikwa, ikifika imekwisha. Wiki hizi mbili pia nasikia mlio mdogo wa tik, tik nikifungua folda ya mitihani. Je, ninunue SSD ipi? Naweza kuifunga mwenyewe? Na mafaili yangu yatahama vipi?"

Mwalimu, nitakujibu yote, lakini naanza na ulilolitaja karibu na mwisho kana kwamba ni jambo dogo: huo mlio wa tik, tik. Kabla hujanunua chochote, kabla hujampelekea fundi, tafuta flashi au diski ya nje, hata ya kuazima, uhamishe mafaili yako leo. Anza na yale ambayo yakipotea hakuna mtu mwingine anayo: mitihani uliyotunga, alama za wanafunzi, picha za familia, vyeti ulivyoskani. Filamu na nyimbo ziache mwisho, au ziache kabisa. Usibebe kila kitu kwa mkupuo mmoja. Chukua folda moja moja, na faili likigoma liruke, endelea na mengine.

Sababu ni hii. Diski uliyonayo ni ya sahani zinazozunguka, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika kutegemea aina. Juu ya sahani hizo kuna kichwa kidogo kinachosoma, kikielea kwenye hewa kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Kikifika mahali pakawa hapasomeki, kinarudi nyuma na kujaribu tena, na tena. Huko kwenda na kurudi ndiko kunakotoa mlio unaousikia, na ndiko pia kunakoigandisha Windows, kwa sababu kompyuta nzima imesimama ikisubiri jibu moja kutoka kwenye diski. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba sehemu ya uzito unaoulalamikia ni diski inayoelekea kufa.

Inawezekana pia si hivyo, na sitaki kukutisha bure. Laptopu za HP za aina yako zina kihisi cha mtikisiko: ukiinyanyua au ukiigonga meza, diski inaegesha kichwa chake upesi kisiikwaruze sahani, na hapo utasikia mlio mmoja. Huo ni ulinzi. Lakini wewe unasema mlio unakuja ukifungua folda ileile, laptopu ikiwa imetulia. Huo ndio unaonitia shaka.

Ukishahamisha ya muhimu, pakua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ukiifungua utaona alama ya rangi: bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi. Shuka kwenye jedwali utafute mistari miwili, wenye namba 05 na wenye C5. Ule wa 05 unahesabu sehemu za diski zilizokwisha haribika na nafasi yake kuchukuliwa na sehemu za akiba. Ule wa C5 unahesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na haijui izifanyeje. Thamani ya mwisho ya mstari wa C5 ikiwa si sifuri, usiendeshe chkdsk (programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski), usijaribu kunakili diski nzima, usiiache iwake usiku kucha. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa unaipunguzia uhai. Na kama inafika mahali inagonga mfululizo au kompyuta haiioni kabisa, na bado kuna faili usilo na nakala yake, zima. Hapo anahitajika fundi wa kuokoa data, mwenye vifaa vya kazi hiyo. Fundi wa kupiga Windows atakuharibia kwa nia njema. Yule atakayekuambia uiweke diski kwenye friza, mshukuru na uondoke.

Sasa tuje kwenye kasi. Tuseme diski yako ni nzima na inazunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi. Kichwa kisogee hadi kwenye mstari sahihi, kisha kisubiri sahani iizungushe data mpaka ifike chini yake: kwa wastani ni kama milisekunde 15 kwa kila kipande. Fanya hesabu, unapata vipande vichache tu vya kumi kumi kwa sekunde, sitini, themanini. Windows ikiwaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na kule. Ndiyo chai yako inachemka. Kwenye SSD hakuna kinachotembea. Data imehifadhiwa kama chaji ya umeme ndani ya chipu, na kipande kinapatikana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ni kama tofauti kati ya kumtuma mtunza stoo akufuatie daftari moja moja stoo, na kuwa na madaftari yote mezani kwako.

Ndiyo maana ushauri wa fundi wa kwanza sikubaliani nao, ingawa simlaumu, maana RAM, kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ikiwa ndogo kweli laptopu nayo inakuwa nzito. Pima mwenyewe. Washa laptopu, subiri itulie, fungua programu unazotumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona asilimia za prosesa, RAM na diski. Kama RAM iko kwenye asilimia 50 au 60 huku diski imeganda kwenye 100, umepata jibu lako bila kulipa senti. Kwa mwalimu anayeandika mitihani, anayejaza alama kwenye Excel na kufungua kurasa chache za intaneti, GB 8 zinatosha. RAM ya pili itakuja siku utakapoiona hiyo asilimia imepanda juu ya 85 mara kwa mara.

Fundi wa pili ana mambo mawili, na yote mawili yananifanya nikuambie usinunue.

La kwanza ni kwamba haitaingia. Watu wengi huchanganya umbo na lugha. M.2 ni umbo, kile kijibao chembamba kama kijiti cha bazoka. NVMe na SATA ni lugha ambazo SSD huzungumza na mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Kuna M.2 inayozungumza SATA na kuna M.2 inayozungumza NVMe, na kwa macho zinafanana sana. Laptopu yako ni ya kizazi cha nne cha Intel. Ina katundu kafupi ka M.2 kanakopokea kijibao cha milimita 42 cha lugha ya SATA, wakati NVMe nyingi za madukani zina milimita 80 na lugha nyingine. Unachohitaji ni SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene wa milimita 7, inayokaa palepale ilipokaa diski ya zamani. Ungekuwa na 840 G3 ningejibu vingine, kwa kuwa ile ina nafasi ya M.2 ya milimita 80 inayokubali NVMe.

Kuna wanaosikitika wakisikia SATA, kwa sababu kasi yake inaishia kwenye megabaiti 550 hivi kwa sekunde na NVMe ya kawaida ya siku hizi inapita 3,000. Usisikitike. Namba hizo kubwa zinaonekana unapohamisha mafaili makubwa kama video. Kuwasha kompyuta, kufungua Word, kutafuta faili, tofauti ya kutoka diski ya kuzunguka kwenda SATA utaishangaa. Ya kutoka SATA kwenda NVMe utahitaji saa ya kupimia.

La pili ni bei. SSD ya TB 2 inayouzwa chini ya ile ya GB 500 karibu kila mara ni feki, na ufeki wake ni wa hatari. Niliwahi kufungua moja aliyoniletea mteja, imeandikwa TB 2 nje. Ndani kulikuwa na kadi ya kumbukumbu kama ya simu, imebandikwa kwa gundi kwenye kijibao, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito mkononi. Kifaa cha namna hiyo kimechakachuliwa kiidanganye Windows. Kinasema kina TB 2, unakiwekea mafaili, majina yote unayaona na ukubwa wake unauona. Ukishapita ujazo wake wa kweli kinaanza kuandika juu ya mafaili ya mwanzo. Unagundua siku unayoyafungua. Mteja wangu alikuwa ameweka humo picha za harusi ya binti yake, na sikuweza kumrudishia hata moja kati ya zile za mwanzo. Ukinunua hifadhi yoyote, hata dukani kwenye risiti, ipime kwanza kwa programu ya H2testw kabla ya kuiwekea chochote: inaijaza kifaa chote kisha inasoma ilichoandika na kulinganisha. Inachukua saa kadhaa. Iache ifanye kazi.

Basi ununue ipi? Ukubwa wa GB 480 au 500 unakutosha. Ya 480 Windows itaionyesha kama 447, na si wizi, ni watengenezaji kuhesabu kwa elfu na Windows kuhesabu kwa 1,024. Usishuke kwenye GB 240, kwa sababu una GB 300 tayari na SSD inayojaa hadi pomoni inapoteza kasi. Iachie nafasi, hata asilimia 15 hivi. Kwa majina, Samsung 870 EVO na Crucial MX500 ni za kuaminika na zina waranti ya miaka mitano. Kingston A400 ni nafuu, waranti yake mitatu, na kwa kazi yako inafaa. Tofauti kubwa kati yake na zile mbili ni kwamba A400 haina chipu ya kumbukumbu ya muda ya kutunzia ramani ya data, kwa hiyo ukinakili mafaili makubwa kwa muda mrefu itachoka na kupungua kasi. Kwa mitihani na alama hutaliona hilo. Ukiona kwenye boksi TLC, chukua. QLC nayo inafanya kazi, ila inabana biti nne kwenye seli moja badala ya tatu, kwa hiyo inaandika polepole zaidi na inachakaa mapema zaidi. Mimi nikiwa na uwezo wa kuchagua nachagua TLC.

Mwenzako wa ofisini hakosei kabisa, ila ameogopa kisichostahili kuogopwa na akaacha kinachostahili. SSD ni kama ubao wa darasani usioruhusu kufuta neno moja: ukitaka kubadilisha kitu lazima ufute eneo zima, na kila ukifuta, ubao unachakaa kidogo. Idadi ya kuandikwa ipo kweli. Lakini hebu tuihesabu. Kingston A400 ya GB 480 imepewa na mtengenezaji kiwango cha terabaiti 160 za kuandika. Ukiandika GB 20 kila siku, pamoja na sikukuu, na mwalimu haandiki kiasi hicho, utazifikia baada ya siku 8,000, yaani karibu miaka 22. Samsung ya GB 500 imepewa terabaiti 300. Laptopu yenyewe itakuwa imeshakwenda zamani. Kitu kimoja tu: usiifanyie ule upangaji wa mafaili (defrag) uliozoeleka kwenye diski za zamani. Windows inaitambua SSD na kuihudumia inavyotakiwa, iache.

Kufa ghafla ndiko kwa kweli. Diski ya sahani mara nyingi inatoa ishara, kama hiyo yako inavyogonga. SSD ikiharibika sehemu inayoiongoza, asubuhi unaiwasha na kompyuta haiioni, bila mlio wala onyo. Na ukifuta faili kwa bahati mbaya, kulirudisha ni vigumu kuliko zamani, kwa kuwa Windows huiambia SSD kwamba nafasi ile ni huru na SSD inaisafisha yenyewe. Hivyo nakala ya pili ya mitihani, kwenye diski ya nje au kwenye hifadhi ya mtandaoni, si ya hiari tena.

Umeme nao. SSD inatunza ramani ya mahali kila kipande kilipo, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, ramani inaweza kuharibika. SSD za seva kubwa huwa na vihifadhi umeme vidogo vya kumalizia kazi hiyo. Za kawaida nyingi hazina. Lakini wewe una laptopu, na betri ya laptopu ndiyo UPS yako, yaani betri ya akiba inayoshikilia umeme ukikatika. Swali ni je, betri hiyo bado ina chaji? Kama ukichomoa chaja inazima papo hapo, badilisha betri kwanza au pamoja na SSD. Hili ni muhimu kuliko chapa utakayochagua. Wenye kompyuta za mezani wanunue UPS.

Kuhusu kuhamisha: kuna njia mbili, kunakili diski nzima kama ilivyo, au kupiga Windows upya na kurudisha mafaili. Diski yako ingekuwa nzima kabisa ningekuambia chagua unayoipenda. Kwa kuwa inagonga, piga Windows upya. Kunakili diski nzima kunailazimisha isome kila sehemu, pamoja na zile mbovu. Pia kuna mtego mdogo: Clonezilla, ambayo wengi huitumia, kwa kawaida inakataa kutoka diski ya GB 500 kwenda ya 480 hata kama data ni ndogo, mpaka kwanza uzipunguze patisheni (vigawanyo vya diski). Kwa Windows utahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, na programu ya kuitengeneza kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Kama Windows yako ilikuwa halali, leseni imefungamana na mazabodi. Ukishaunganisha intaneti itajitambua.

Kufunga kwenyewe, Mwalimu, unaweza. 840 G1 ni kati ya laptopu rahisi kufungua kuliko zote nilizoshika. Izime kabisa, chomoa chaja, igeuze, sukuma kile kitasa cha chini na kava linateleza na kutoka, bila skrubu. Toa betri. Gusa kitu cha chuma ili umeme tuli uliomo mwilini utoke. Diski utaiona, ni kile kisanduku bapa chenye stika. Legeza skrubu zinazoishika, na kama bisibisi yako ya nyota haikamati, usilazimishe ukazichubua vichwa. Baadhi ya skrubu za HP zinataka bisibisi ya T8. Shika kitepe cha plastiki kilicho kwenye diski uivute taratibu kwa ubapa, ikijitenga na soketi. Usiinyanyue upande mmoja. Ihamishe fremu yake kwenye SSD mpya, isukume mpaka ikae, rudisha kila kitu. Kazi yote ni kama nusu saa ukiwa na sahani ndogo ya kuwekea skrubu. Kama mikono inatetemeka, au kitu kimegoma na hujui kwa nini, mpelekee fundi na ukae naye pale afunge ukiangalia. Fundi mwaminifu hatakataa.

Unanidai neno moja la kweli kabla hujatoa pesa. Prosesa ya laptopu yako haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. SSD haitabadilisha hilo. Kama unaweka mafaili ya shule tu na uko makini na viungo unavyobofya, itakutumikia, lakini kila mwezi bila marekebisho ya usalama ni hatari inayoongezeka, hasa kwa benki ya simu na barua pepe. Njia ninayoipendekeza kwa anayeweza kujifunza ni Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, ambayo inakuja na LibreOffice ndani yake na inafungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa wakati mwingine unasogea, na mtihani wenye majedwali mengi inabidi uukague kabla ya kuchapa. Kama shule inakulazimisha kutumia programu ya Windows pekee, na unaona unaweza kujikusanya mwaka ujao ununue nyingine, nunua SSD nafuu sasa. SSD ya inchi 2.5 haipotei, utaitoa na kuifanya diski ya nje.

Ila usiifungie kabatini miaka na miaka ukidhani ni sanduku la kumbukumbu. Seli zake zinapoteza chaji polepole ikikaa bila umeme, na joto linaharakisha. Iwashe kila baada ya miezi michache.

Diski ya zamani usiitupe wala kuifuta. Ikiwa C5 ilikuwa sifuri, nunua kasha la USB la inchi 2.5 uiweke humo, iwe ya nakala ya mitihani kila Ijumaa kabla hujatoka ofisini. Ikiwa haikuwa sifuri, ifunge kwenye bahasha, andika tarehe juu yake, iweke mahali pakavu mpaka muhula mzima upite bila wewe kulitafuta faili lolote ukalikosa.